Kati ya Wangapi? Somo la Takwimu kutoka Wodi ya Wazazi ya Kigoma

Kati ya mwaka 1984 na mwaka 1991, uwiano wa vifo vitokanavyo na uzazi katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, ambayo wengi huijua kwa jina la Maweni, ulishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning na Godfrey Mbaruku, daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi aliyekuwa akifanya kazi Kigoma, pamoja na Staffan Bergström wa Sweden. Waandishi hao waliueleza mpango wao kuwa wa gharama nafuu, uliotafuta ufumbuzi katika vitu vilivyopatikana palepale.

Kinachotazamwa hapa ni chombo kimoja kilichotumika katika kazi ile, chombo kisichotunzwa katika kabati la dawa wala kuchemshwa pamoja na mikasi: uwezo wa kuhesabu, na uwezo wa kuisoma hesabu baada ya kuipata. Wahudumu wengi wa afya huuona uwezo huo kuwa mali ya mtu wa takwimu aliyeko katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Muuguzi hujaza rejesta ya MTUHA, mwisho wa mwezi hujumlisha mistari, ripoti huingizwa katika mfumo wa DHIS2, na habari huishia hapo. Namba hupanda kwenda juu kama mvuke wa ziwa, na ni mara chache hurudi kama mvua mahali zilipotoka. Wodi ya wazazi ya Kigoma ilifanya kinyume chake. Ilizisoma namba zake yenyewe.

Daftari kwanza

Kabla ya kuanza mpango wao mwaka 1987, watafiti walirudi nyuma na kuchunguza kumbukumbu za mwaka 1984 hadi 1986. Mojawapo ya mambo waliyoyakuta ni upungufu mkubwa katika uandikishaji wa takwimu. Msomaji mwenye haraka atalipita jambo hilo kama kasoro ndogo ya makaratasi, ilhali ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Rejesta inayosahau vifo hutoa namba ya kupendeza. Katika hospitali yoyote kubwa, mama anaweza kufia chumba cha upasuaji, au wodi ya wanawake kwa sababu ya mimba iliyoharibika, au mapokezi kabla jina lake halijaandikwa. Kila mahali pamojawapo ni mwanya ambao kifo chake kinaweza kupotelea, kisifike kabisa katika daftari la wodi ya wazazi.

Hapo hutokea jambo linalowachanganya wasimamizi. Wodi inapoanza kuhesabu kwa uaminifu, idadi ya vifo hupanda, ingawa huduma haijaharibika hata kidogo. Mkuu asiyelijua hilo humkaripia mkunga mwaminifu, na mwezi unaofuata namba hushuka tena, si kwa sababu akina mama wamepona bali kwa sababu kalamu imeogopa. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya namba yoyote iliyobadilika ghafla ni kama kilichobadilika ni ugonjwa au ni uandishi.

Mpango uliofuata ulikuwa na vipengele 22. Vilikuwemo vikao vya mara kwa mara vya kufanya tathmini ya huduma, mafunzo kazini, ratiba ya matengenezo ya vifaa, upatikanaji wa damu, matumizi ya viuavijasumu, taratibu za kumpa rufaa mgonjwa mahututi, kusikiliza malalamiko ya wananchi, na hata kitengo kidogo cha kutengeneza maji ya dripu. Kimojawapo kilihusu umbali kutoka makazi ya watumishi muhimu hadi hospitalini. Hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna kitabu cha uzazi kinachoutaja umbali wa nyumba ya mtumishi miongoni mwa sababu za vifo. Vitabu hutaja kutokwa damu, kifafa cha mimba, maambukizi na uchungu pingamizi. Umbali huonekana tu pale saa zinapoandikwa: saa mama alipofika, saa mtumishi alipoitwa, saa alipoingia wodini. Saa tatu hizo zikipangwa safu kwa safu kwa wagonjwa wote wa mwaka, pengo hujitokeza lenyewe.

Jambo hili lina historia ndefu katika taaluma ya uuguzi, hata kama shuleni Florence Nightingale hukumbukwa zaidi kwa taa yake. Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Takwimu cha London, mwanamke wa kwanza kupokewa humo, baada ya kuonyesha kwa michoro kwamba katika Vita vya Crimea askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa yaliyoweza kuzuilika kuliko na majeraha. Mwaka 1871, ule ule ambao Stanley alimkuta Livingstone mjini Ujiji, Nightingale alitoa kitabu kuhusu nyumba za kujifungulia wanawake, akilinganisha vifo vya humo na vya wanaojifungulia majumbani, na akalalamikia uhaba wa takwimu za kuaminika. (Ujiji nako hesabu ilikuwa na kasoro: Stanley aliandika kuwa walikutana tarehe 10 Novemba, lakini Livingstone alikuwa amepotewa na siku katika shajara yake, na tarehe zao hazikulingana.)

Kiasi na asili

Kila aliyemaliza darasa la saba alifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Takwimu nyingi za afya ni sehemu za namna hiyo, na hila zake nyingi zimejificha katika asili.

Tuchukue vituo viwili vya kubuni. Kimoja kimepoteza akina mama 4 katika mwaka, kingine 1. Mkutano wa wilaya utakiangalia cha kwanza kwa jicho kali. Lakini cha kwanza kilikuwa na vizazi hai 2,400, na cha pili 200. Ukigawanya, cha kwanza kina uwiano wa takriban 167 kwa vizazi hai 100,000, na cha pili 500. Kituo kilichoelekea kupongezwa kina uwiano mara tatu ya kile kilichoelekea kulaumiwa. (Kama ni haki kukilaumu hicho cha pili kwa kifo kimoja ni swali jingine, nalo litafuata baadaye.)

Hiyo 100,000 nayo huwatisha watu bure. Hospitali ya mkoa haizalishi akina mama laki moja kwa mwaka. Laki moja ni ufito wa kupimia tu, ili kubwa na ndogo zilinganishwe kwa kipimo kimoja. Tuseme, kwa mfano, hospitali ina vizazi hai 3,000 kwa mwaka. Uwiano wa 933 una maana ya vifo 28. Uwiano wa 186 una maana ya vifo 5 au 6. Mkunga anaweza kuona nyuso 28. Hakuna awezaye kuona 933 kwa laki.

Matokeo yale yale yaweza kutamkwa kwa njia nyingine tatu, zote za kweli. Vifo vilipungua kwa asilimia 80. Au: zamani kulikuwa na kifo kimoja katika kila vizazi hai 107, baadaye kimoja katika kila 538. Au: katika kila vizazi hai 134, mama mmoja ambaye zamani angefariki sasa alirudi nyumbani. Kauli ya kwanza huvutia katika hotuba. Ya tatu ndiyo inayomsaidia mtu wa mipango, kwa maana humwambia ni kazi kiasi gani huokoa maisha mangapi. Mhudumu anayejua kuhama kutoka kauli moja hadi nyingine hadanganyiki kwa urahisi na mwuza dawa anayenadi kwamba bidhaa yake hupunguza hatari kwa nusu. Nusu ya nini? Hatari ya watu 40 kati ya 100 ikipunguzwa kwa nusu, 20 wamenusurika. Hatari ya watu 2 kati ya 10,000 ikipunguzwa kwa nusu, amenusurika 1, na watu 9,999 wamemeza dawa bila kufaidika nayo.

Uwiano wa vifo vya uzazi una kioja chake. Asili yake ni vizazi hai, si wajawazito. Mama anayefariki na mtoto akiwa bado tumboni yumo juu ya mstari lakini chini ya mstari hayumo. Ulimwengu ulikubali kasoro hiyo kwa sababu watoto waliozaliwa hai ni rahisi kuhesabika kuliko mimba, ambazo nyingine hukoma kabla ya mtu yeyote kuzijua.

Namba ya Kigoma inasema nini, na nini haisemi? Ni namba ya hospitali, si ya mkoa. Mama wa kijiji cha mwambao aliyekata roho ndani ya mtumbwi kabla ya kufika gatini hamo katika rejesta. Kutokana na hilo huja ukweli mchungu: usafiri ukiboreshwa, na akina mama mahututi waliokuwa wakifia njiani wakaanza kufika hospitali, uwiano wa vifo vya hospitali waweza kupanda wakati maisha yanaokolewa. Kinyume chake nacho kinawezekana. Aidha, utafiti ulilinganisha kabla na baada mahali pamoja, bila hospitali nyingine ya kufananisha. Kwa hiyo hauwezi kugawa sifa na kusema kipengele kipi kati ya 22 kilifanya kazi kubwa zaidi. Mipaka hiyo haiondoi thamani ya matokeo. Kushuka kutoka 933 hadi 186 katika wodi iliyokuwa sasa inahesabu vizuri zaidi kuliko mwanzo, hali ambayo ingetarajiwa kuipandisha namba, si jambo la kupuuzwa.

Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuiweka 186 ya hospitali kando ya namba za taifa na kutangaza mshindi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Makadirio hayo hupatikana kwa kuwauliza watu majumbani habari za dada zao waliofariki katika miaka iliyotangulia. Njia ni nyingine na asili ni nyingine.

Namba ndogo hucheza

Sasa kile kituo chenye kifo kimoja katika vizazi 200. Mwaka uliotangulia huenda hakikuwa na kifo chochote, uwiano wake ukiwa sifuri. Mwaka huu ni 500. Mwaka ujao huenda ukarudi sifuri. Je, wahudumu walikuwa hodari, wakawa wazembe, kisha wakatubu? Haielekei. Namba ndogo hucheza zenyewe kwa nasibu, kama mtumbwi mtupu unavyorushwa na wimbi ambalo meli kubwa hailisikii.

Katika hospitali yetu ya mfano yenye wastani wa vifo 5 au 6 kwa mwaka, nasibu peke yake yaweza kuleta mwaka wa vifo 2 na mwaka wa vifo 10, pasipo chochote kubadilika wodini. Anayeshangilia 2 na kumfukuza mtu kazi kwa 10 anauadhibu upepo. Lakini kutoka 28 hadi 6, tena kwa kufuatilia miaka kadhaa, ni badiliko ambalo nasibu haiwezi kulieleza kirahisi. Ndiyo sababu watafiti wa Kigoma waliendelea kufuatilia kuanzia mwaka 1987 hadi 1991, badala ya kukimbilia kuandika baada ya mwaka mmoja mzuri.

Kituo kidogo kifanye nini basi, ikiwa uwiano wake hauna maana kila mwaka? Kijumlishe miaka mitano, au kiungane na vituo jirani. Na zaidi ya hayo kikichunguze kila kifo kimoja kimoja, saa kwa saa. Pale uwiano unaponyamaza, kisa cha mama mmoja bado kinaongea.

Kagunga, Mei 2015

Mwezi Mei 2015 maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka, kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba, ile ile iliyoundwa wakati wa Wajerumani, iliwachukua watu kutoka Kagunga hadi Kigoma mjini, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Ilipofika karibu tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31: wakimbizi 29 na Watanzania 2.

Namba hizo tatu zina mafunzo mengi. Vifo 31 kati ya wagonjwa 3,000 ni takriban 1 katika 100. Kipindupindu kikali kisichotibiwa chaweza kuua hata nusu ya wanaokipata, ilhali kikitibiwa mapema kwa maji ya chumvichumvi na dripu huua chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo 1 katika 100 inaeleza kwamba matibabu yaliwafikia wagonjwa wengi, katika mazingira ambayo hata choo kilikuwa shida, na kwamba bado palikuwa na nafasi ya kuokoa wengine. Habari iliyotaja vifo 31 peke yake haikuweza kumwambia msikilizaji lolote kati ya hayo.

Je, Watanzania 2 dhidi ya wakimbizi 29 ina maana kwamba wenyeji walikuwa na kinga zaidi? Haiwezekani kusema bila kujua kila kundi lilikuwa na watu wangapi, na Kagunga idadi hiyo ilibadilika kila boti ilipotia nanga na kila Liemba ilipong'oa. Asili ilikuwa ikisafiri. Tena, mlipuko ukishathibitishwa, si kila anayeharisha hupimwa maabara. Huhesabiwa kwa dalili. Ndani ya hao 3,000 yamkini walikuwemo walioharishwa na kitu kingine, na nje yake walikuwemo waliougulia kwenye vibanda bila kuandikwa.

Mwaka 1854 mjini London, John Snow alikabiliana na swali hilo hilo la asili, akaliweza. Nyumba 40,046 zilipata maji ya kampuni ya Southwark na Vauxhall, na humo walifariki kwa kipindupindu watu 1,263. Nyumba 26,107 zilipata maji ya kampuni ya Lambeth, iliyochota juu ya mto kabla mto haujapokea uchafu wa jiji, na humo walifariki 98. Kwa kila nyumba 10,000, hiyo ni 315 dhidi ya 37. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha Snow kimelea cha ugonjwa. Nyumba zilizohesabiwa vizuri zilitosha kuyashtaki maji. Huku kwetu, daktari James Christie wa Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, aliufuata ugonjwa katika njia za misafara ya biashara. Alikuwa na ramani na masimulizi, lakini hakuwa na asili ya watu, na ndiyo maana kitabu chake chaweza kutuonyesha ugonjwa ulikopita kuliko kutuambia ulimpata mmoja kati ya wangapi.

Kipimo kile kile, jibu jingine

Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea, kwa kipimo cha haraka, katika asilimia 7.3 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania. Mkoa wa Kigoma ulikuwa juu kuliko mikoa yote: asilimia 24.4. Tofauti hiyo hubadilisha maana ya jibu la maabara kwa namna ambayo hata wataalamu huiona ngeni.

Tuchukue kipimo cha kubuni ambacho kati ya watu 100 wenye ugonjwa hubaini 95, na kati ya 100 wasio nao huwasafisha 95. Kipimwe kwa watoto 1,000 mahali ambapo 240 wanao ugonjwa. Kitabaini 228 kati yao, na katika 760 waliosalia kitawasingizia 38. Walioambiwa wanao ni 266, na 228 kati yao wanao kweli: takriban 86 katika 100. Kipimo hicho hicho sasa kipelekwe mahali ambapo ni 10 tu katika 1,000 wenye ugonjwa. Kitabaini 9 au 10, na kitawasingizia karibu 50 kati ya 990. Aliyeambiwa anao ana nafasi ya takriban 16 katika 100 tu ya kuwa nao. Kipimo hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliokuja kupimwa.

Kwa mgonjwa, hili si ruhusa ya kukataa dawa aliyoandikiwa. Ni sababu ya kumwuliza mhudumu maswali mawili kwa adabu: ugonjwa huu ni wa kawaida kiasi gani hapa kwetu, na kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha? Kwa mhudumu wa Kigoma, ambako watoto wengi hubeba vimelea, jibu la ndiyo la malaria halifungi uchunguzi. Mtoto aweza kuwa na vimelea na nimonia kwa pamoja, na mapafu hayasubiri.

Mwezi, dagaa na chandarua

Maswali ya tafiti za nyumbani nayo hutegemea mahali. Swali la kawaida ni kama mtu alilala ndani ya chandarua usiku uliopita. Katika mwambao wa Tanganyika wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika giza la mwezi, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Mdodosaji akipita kijijini katika siku za giza, wanaume wengi watakuwa hawakulala ndani ya chandarua kwa sababu walikuwa majini wakiumwa na mbu. Akipita wakati wa mbalamwezi, watakuwa wamelala nyumbani. Vijiji viwili vyaweza kuonekana tofauti kwa sababu tu vilitembelewa katika nusu tofauti za mwezi. Mtu wa Dar es Salaam anayepanga ratiba ya utafiti huenda asilijue hilo. Muuguzi wa zahanati ya mwambao analijua, na ujuzi wake ni sehemu ya takwimu.

Vilevile idadi ya vyandarua vilivyogawiwa si idadi ya waliolala ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika Malaria Journal ulikuta kwamba katika vijiji vya mwambao wa ziwa hili vilivyochunguzwa, zaidi ya kaya 8 katika kila 10 zilikuwa zimewahi kuvulia samaki kwa chandarua cha mbu. Ripoti iliyohesabu maboksi yaliyopakuliwa gatini isingeliona jambo hilo kamwe.

Faida katika kazi

Ustadi huu huzaa matunda katika kila dawati. Mfamasia anayeagiza dawa kwa kutazama matumizi ya mwezi uliopita, bila kuuliza dawa ilikuwepo siku ngapi, atasoma rafu tupu kama ushahidi kwamba wagonjwa hawapo. Mratibu wa chanjo anayeona asilimia 112 ya watoto wamechanjwa hashangilii. Anajua kwamba asili yake imepitwa na wakati, au kwamba watoto wa wilaya jirani na wa kambini wameingia juu ya mstari bila kuwa chini yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani Kigoma, na ya mwaka 2022 watu 2,470,967, ongezeko la asilimia 16. Katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji ongezeko lilikuwa kutoka 215,458 hadi 232,388, chini ya asilimia 8. Diwani wa manispaa anayekadiria mahitaji ya kata yake kwa kasi ya mkoa mzima atakosea, na ofisa uvuvi anayetangaza kwamba samaki wameongezeka bila kugawa kwa idadi ya mitumbwi na usiku wa kuvua atakosea zaidi.

Mbaruku mwenyewe baadaye alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, akiendelea na kazi ya uzazi salama. Njia ya kuelekea huko ilipitia katika madaftari ya wodi moja, magharibi kabisa mwa nchi, mahali ambapo treni hufika mwisho wa reli.

Zoezi la kikao cha asubuhi

Zahanati ya kubuni ya mwambaoni ilipima watoto 80 mwezi Aprili. 32 walikutwa na malaria. Mwezi Julai ilipima watoto 20. 12 walikutwa nayo. Rasimu ya ripoti inasema malaria imepungua kutoka 32 hadi 12. Kikao kikokotoe kwanza sehemu ya waliokutwa na vimelea kwa kila mwezi: kitapata 40 katika 100, kisha 60 katika 100, na baadhi ya wajumbe watataka kuandika kwamba malaria imeongezeka. Wasiandike bado. Afungue mtu leja ya stoo na kuangalia vipimo vya haraka vilikuwepo siku ngapi mwezi Julai, na mwenye zamu aulizwe: vilipobaki vichache, ni watoto gani waliochaguliwa kupimwa?